Bi Mazoezi Anajibu: Breki ya Msuli

Mwezi uliopita nilijaza ukurasa huu habari za miostatini, protini ambayo misuli yetu huitengeneza yenyewe ili isipitilize kukua. Mhariri akaona maneno hayatoshi, akaweka picha ya fahali wa Ubelgiji, mgongo umejaa kama gunia la mkaa lililofungwa kamba. Nilimwambia picha ile itatuponza. Imetuponza. Barua na jumbe zimemiminika, na nusu nzima zinamwulizia fahali. Nimechagua hizi chache. Mlioandika kuhusu magoti nawaweka kiporo hadi mwezi ujao.

Kwa aliyekosa toleo lile: mwaka 1997, Se-Jin Lee na Alexandra McPherron wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, walizima jeni moja katika panya, na panya wakaota misuli mikubwa mara mbili hadi tatu ya kawaida. Jeni hiyo ndiyo inayotoa maelekezo ya kutengeneza miostatini. Nikaiita breki, na wengi mmelishika neno hilo, wengine kwa uzuri, wengine kwa ubaya.

*

*Shikamoo Bi Mazoezi. Mimi nina bucha Makorora, hapahapa Tanga. Yule ng'ombe wa kwenye picha ni wa kweli au wa kompyuta? Kama ni wa kweli, amechomwa sindano gani, nyama yake ina madhara, na mbegu yake inapatikana wapi? Nina shamba dogo nje ya mji. – Muuza nyama*

Marahaba, jirani. Ng'ombe ni wa kweli na hajachomwa kitu. Ni wa aina ya Belgian Blue. Amezaliwa hivyo, na mama yake hivyo, na bibi yake. Kwenye jeni yake ya miostatini pamekatika herufi 11 za vinasaba, kwa hiyo protini inayotoka haifanyi kazi. Breki ipo ila waya umekatika. Wafugaji wa kule walikuwa wakichagua mafahali wenye mapaja mapana miaka mingi kabla mtu yeyote hajalitamka neno miostatini. Panya wa Baltimore walipotangazwa, mwaka haukuisha kabla wataalamu wa Ubelgiji, New Zealand na Marekani hawajamtazama fahali yule kwa jicho jipya na kuikuta hitilafu ndani ya jeni ileile. Italia nako wana ng'ombe wao, Piedmontese. Jeni hiyohiyo, ila kosa lake ni la herufi moja mahali pengine.

Nyama haina madhara. Lakini hutaipenda. Miostatini ikikosekana mwili huweka misuli mingi na mafuta kidogo, na nyama ile ukiitandika juu ya jiko la mkaa utasubiri mlio wa tone la mafuta mpaka ukate tamaa. Wateja wako wa "nipe na kamafuta kidogo" watahamia bucha ya pili.

Kuhusu mbegu, fikiri mara mbili. Ndama anakuwa na mapaja mapana akiwa bado tumboni, na njia ya mama yake nayo ni nyembamba. Kule Ubelgiji kumzalisha ng'ombe huyu kwa kisu ni kazi ya kawaida: daktari wa mifugo anafika, anachoma ganzi, anapasua ubavu ng'ombe akiwa amesimama, anatoa ndama, anashona, anakwenda boma jingine. Sasa wewe ni saa nane za usiku, ng'ombe anasukuma, daktari yuko Muheza na simu yake haipatikani.

Nikuongezee jambo la mbwa, maana lilinifundisha. Mwaka 2007 watafiti waliwapima mbwa wa mbio waitwao whippet. Mbwa mwenye nakala moja mbovu ya jeni hii alikuwa na kasi kuliko wenzake. Mwenye nakala mbili mbovu alikuwa bonge la mbwa, kifua kama pipa, na kwenye mbio za juu hakuonekana. Ubonge ule haukumpa kasi hata kidogo.

*

*Shikamoo mama. Nina miaka 22, napiga tizi Temeke mwaka wa pili sasa. Kifua kipo, ila miguu hainenepi. Jamaa wa jimu anauza poda ya folistatini, anasema inaua miostatini. Kopo ni elfu 85. Anavyo na vichupa vya kuchoma, laki mbili na nusu. Nichukue kipi? Halafu ulimtaja mtoto wa Ujerumani, ilikuwaje? – Mzee wa Chuma*

Marahaba mwanangu. Usichukue hata kimoja, na hiyo laki mbili na nusu kama unayo kweli nunua mayai.

Jamaa yako hadanganyi yote, na ndiyo maana anauza. Folistatini ni protini ya kweli, imo mwilini mwako sasa hivi, na kazi yake mojawapo ni kuikamata miostatini pamoja na dada yake aitwaye aktivini ili zisifike kwenye msuli. Mwaka 2007 Lee aliwachukua panya wasio na miostatini akawaongezea folistatini kupita kiasi, misuli ikafika mara nne ya kawaida. Ila panya wale hawakukorogewa poda. Walizaliwa na jeni zilizobadilishwa. Wewe ukiimeza folistatini, tumbo haliijui kwa jina. Linaikata vipande kama linavyoikata samaki na dengu. Kwa nini unadhani mgonjwa wa kisukari anajichoma insulini badala ya kuinywa na chai? Kwa bahati nzuri kopo lile litakuwa maziwa ya unga yenye ladha ya vanila. Kwa bahati mbaya, makopo ya namna hii yamewahi kukutwa na steroidi zisizoandikwa popote, na hizo hata ukizimeza zinafanya kazi, ikiwemo kazi usiyoitaka ya kusinyaza korodani.

Vichupa ndivyo vinavyonitisha. Sisi watu wa pwani tunajua dema. Unalitega ukiwa na hamu ya changu. Asubuhi unalivuta, mna changu, mna kaa, mna na samaki wa sumu. Kuna kampuni iliwahi kutengeneza mtego wa namna hiyo, dawa iliyopewa jina ACE-031: kipande cha kipokezi cha msuli, yaani pale miostatini inaposhikia, kinachoelea kwenye damu na kuinasa miostatini kabla haijafika. Wakaijaribu kwa watoto wenye ugonjwa wa misuli. Watoto wakaanza kutokwa damu puani na kwenye fizi, na vijishipa vyekundu vikajichora kwenye ngozi. Jaribio likasimamishwa mwaka 2011. Inavyoelekea, dema lilinasa na protini nyingine za ukoo huo zinazotunza mishipa ya damu. Hao walikuwa wataalamu, wana maabara na daktari kando ya kila mtoto. Kichupa cha Temeke kina nani kando yake? Na kama una ndoto ya kushindana, ujue shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni limeviweka vizuizi vya miostatini kwenye orodha ya marufuku tangu mwaka 2008.

Mtoto wa Ujerumani habari zake zilichapishwa mwaka 2004 na madaktari wa Berlin. Nakala zake zote mbili za jeni zilikuwa na hitilafu. Alipofika miaka minne na nusu aliweza kunyoosha mikono pembeni ameshika kilo tatu kila mkono, jambo ambalo mimi na miaka yangu 64 siliwezi hata kwa ujira. Mama yake, mwenye nakala moja yenye hitilafu, aliwahi kuwa mkimbiaji wa mbio fupi. Kuzaliwa hivyo hakuuzwi kwenye kopo.

Miguu yako sasa. Vijana wa jimu nawajua: Jumatatu kifua, Jumanne mkono, Jumatano kifua tena, Alhamisi kioo. Unachuchumaa na uzito mara ngapi kwa wiki? Usinijibu mimi.

*

*Bi Mazoezi, mimi ni mwalimu wa biolojia, Bungoma. Uliandika kuwa miostatini huzuia "msuli kuzaliana". Wanafunzi wangu wamenibana, kwa sababu nawafundisha kuwa nyuzi za msuli za mtu mzima hazigawanyiki. Nani kakosea? – Mwalimu*

Nimekosea mimi, na uwape wanafunzi pongezi zangu. Uzi wa msuli uliokomaa haugawanyiki. Pembeni yake kuna chembe ndogo zinazolala usingizi, Alexander Mauro alizieleza mwaka 1961, na msuli ukiumia au ukipewa kazi nzito chembe hizo huamka, huzaliana, kisha hujiunga na uzi uliopo. Panya asiye na miostatini ana nyuzi nyingi tangu kuzaliwa, na kila uzi ni mnene. Mtu mzima akizuiwa miostatini hatarajii nyuzi mpya, atanenepesha alizonazo.

*

*Shikamoo Bi Mazoezi. Mimi ni mama wa watoto wawili, Kilosa. Mwanangu wa kiume ana miaka saba. Alichelewa kutembea, anaanguka ovyo, ngazi hawezi. Mashavu ya miguu yake ni makubwa na magumu, watu walikuwa wanasema huyu atakuwa mchezaji mpira. Juzi hospitali ya rufaa wamesema ana ugonjwa wa misuli uitwao Duchenne. Mama mkwe anasema ugonjwa umetoka upande wetu. Kaka yangu amesoma makala yako, anasema dawa ya kukuza misuli ndiyo hiyo, tuuze shamba tumpeleke nje. Nisaidie mama. – Mama wa Kilosa*

Marahaba mwanangu. Msiuze shamba.

Nimeanza na hilo ili upate kupumua, sasa nieleze. Mashavu yale ya miguu nimeyashika kwa mikono yangu kwa watoto wengine, miaka thelathini na moja ya kazi. Mtoto wa kwanza aliletwa na babu yake, amevalishwa jezi. Babu alitaka nimpe mazoezi ya mpira. Nikamlaza mtoto chali kwenye jamvi, nikamwambia inuka uje unipe mkono. Akageuka kifudifudi, akasimama kwa miguu na mikono kama anayetafuta shilingi, kisha akaanza kujipanda: kiganja kwenye goti, kiganja kwenye paja, kingine juu zaidi, mpaka kiwiliwili kikasimama. Akatabasamu kwa ushindi. Mimi nilikuwa nimejifunza jambo hilo kwenye kitabu tu. Daktari wa London, William Gowers, alilieleza mwaka 1879. Yale mashavu makubwa hayakuwa nguvu. Msuli ulikuwa unakufa, na mahali pake panajaa mafuta na kovu.

Kinachokosekana kwa mwanao ni protini nyingine, si miostatini. Inaitwa distrofini. Fikiria nyumba ya udongo: miostatini ndiyo inayoamua nyumba iwe na vyumba vingapi, distrofini ni fito zinazoushika udongo usimong'onyoke. Msuli usio na distrofini huchanika kidogo kila unapofanya kazi. Unajikarabati, unachanika, mpaka zile chembe nilizomweleza mwalimu wa Bungoma zinachoka.

Wazo la kaka yako si la kijinga. Watu wenye maabara walifikiri hivyohivyo: kama fito hatuna, walau tuongeze udongo. Kwa panya ilipendeza. Kwa binadamu, kampuni ya Wyeth ilijaribu kingamwili dhidi ya miostatini kwa watu wazima 116 wenye magonjwa ya kudhoofika misuli, matokeo yakatoka 2008: wagonjwa hawakupata nguvu zaidi. Pfizer wakajaribu ya kwao kwa wavulana wenye Duchenne, wakaifunga 2018. Roche wakafunga yao 2019. Baadaye ikaonekana jambo ambalo lingetakiwa kuulizwa mwanzo: watu wenye magonjwa haya miostatini yao kwenye damu tayari iko chini. Msuli ulishaliachia pedali la breki wenyewe. Utauachisha nini zaidi?

Kaka yako akiendelea kusoma atakutana pia na tiba ya jeni ya Duchenne iliyoidhinishwa Marekani 2023, bei yake dola milioni 3.2 kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2025 vijana wawili waliokwisha kuacha kutembea walifariki kwa ini kushindwa kufanya kazi baada ya kupewa. Shamba la Kilosa halifiki huko, na hata lingefika ningekwambia subiri.

Yapo ya kufanya hapa nyumbani, na nimeona tofauti yake. Daktari akimwanzishia prednisoloni au dawa ya jamii hiyo, mpe kama alivyoandika, na msiikatishe ghafla hata siku moja kwa sababu imeisha au kwa sababu mtoto amenenepa uso. Kuikatisha ghafla kunaweza kumwangusha kabisa. Dawa hizo humwongezea muda wa kutembea. Kila jioni baada ya kuoga, mlaze, shika kisigino chake kwa kiganja, unyayo wake ukae kwenye mkono wako wa mbele, vuta kisigino chini huku unausukuma unyayo kuelekea goti, taratibu, hesabu mpaka thelathini. Mara tano kila mguu. Lengo ni kuuzuia ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino usifupike, maana ukifupika atatembelea vidole na kuanguka zaidi. Aogelee kama mto ni salama, acheze, atembee. Asirukishwe kichura, asibebeshwe ndoo, na msimshindanishe kushuka mlima; msuli wake huchanika zaidi unapofanya kazi huku ukirefushwa. Moyo wake upimwe kwa ultrasaundi mara kwa mara hata akiwa hana dalili, kwa kuwa moyo nao ni msuli.

Moja zaidi uliandike kwenye karatasi ukae nayo ndani ya kadi yake ya kliniki: ana Duchenne, asipewe suksametoniamu. Ni dawa ya kulegeza misuli wanayotumia wakati wa kulaza mtu usingizi kwa upasuaji, na kwa mtoto kama wako inaweza kusimamisha moyo. Hata akipelekwa kung'olewa jino kwa usingizi, toa karatasi.

Mama mkwe. Jeni ya distrofini ipo kwenye kromosomu ya X, na mvulana X yake hupewa na mama, hilo ni kweli. Lakini kwa karibu mtoto mmoja kati ya watatu hitilafu huzaliwa naye, mama hana, bibi hana. Na hata ukiwa nayo, hukuichagua kama ambavyo hukuchagua urefu wako. Kama una mtoto wa kike au dada, siku moja wazungumze na daktari wa vinasaba, wanawake wanaobeba hitilafu hii moyo wao unahitaji kuangaliwa. Mama mkwe mpe kazi ya visigino. Wanaolaumu wakipewa kazi ya mikono mdomo hupumzika, nimelijaribu hilo wodini.

Nikuachie na habari moja nzuri, ingawa si ya ugonjwa wenu. Kuna ugonjwa mwingine wa watoto ambapo mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo inakufa na msuli unanyauka kwa kukosa amri. Oktoba 2024, dawa inayoitwa apitegromabu ilionyesha kwenye jaribio kubwa kuwa watoto wa ugonjwa huo, wakiwa tayari kwenye dawa za kutunza mishipa, waliongeza uwezo wa kutenda wakilinganishwa na waliopewa sindano tupu. Yenyewe haitegi dema. Miostatini hutoka ikiwa imefungwa, kama kisu ndani ya ala, na dawa hii inaishika ala kisu kisichomolewe. Ilifanya kazi pale kwa sababu msuli wenyewe haukuwa na ufa. Kwa Duchenne huenda siku moja fito zikapatikana kwanza, kisha breki ikazungumziwa tena.

*

*Habari Bi Mazoezi. Ninadunga sindano ya kupunguza uzito kila wiki, nimetoa kilo 14, nashukuru. Lakini mapaja yamelegea, na kupanda ngazi hadi orofa ya nne nachoka kuliko nilipokuwa mnene. Je, hiyo dawa ya miostatini inaweza kunisaidia? – Anayepungua, Nairobi*

Pongezi kwa kilo, na pole kwa ngazi. Ukipungua haraka hupungui mafuta peke yake; sehemu ya kilo hizo ni msuli. Dawa unayoiulizia ni bimagrumabu, inayoziba tundu la ufunguo kwenye msuli ili miostatini na aktivini zisiingie. Mwanzo Novartis waliijaribu kwa ugonjwa wa misuli wa wazee, ikafeli 2016. Baadaye wakaipeleka kwa watu wanene wenye kisukari cha aina ya pili: kwa wiki 48 mafuta yalipungua asilimia 20.5 na nyama ya mwili ikaongezeka asilimia 3.6, matokeo yakachapishwa 2021. Ndiyo maana Eli Lilly, wenye sindano zao za uzito, wameinunua kampuni iliyokuwa nayo. Haipo dukani. Wewe anza na kuinuka kitini bila kushika, na kwenye kila mlo kuwe na yai, maharagwe, samaki au nyama, kwa kuwa sindano hiyo inakuondolea hamu na najua unaishia kula matunda tu. Na damu yako ipimwe wingi wake. Kuhema kwenye ngazi si kila mara ni msuli.

*

*Assalaam alaykum Bi Mazoezi. Nipo Muscat kikazi, baba yangu yupo Wete, Pemba, ana miaka 79. Alilazwa wiki tatu kwa nimonia. Amerudi nyumbani kifua kimepona, lakini hawezi kuinuka kitini, choo cha kuchuchumaa kimemshinda, kaka zangu wanambeba. Nipo tayari kulipia dawa ya kuondoa hiyo breki popote ilipo. Na kuna wanaosema mzee wa umri huo aachwe apumzike. – Binti wa Wete*

Waalaykum salaam, mwanangu. Dawa hiyo hakuna wa kukuuzia kihalali. Zimejaribiwa kwa wazee wanaoangukaanguka. Nyama ya mwili iliongezeka kidogo, na hakuna hata moja iliyopata kibali cha kutibu udhaifu wa uzee.

Lakini nakuelewa haraka yako. Mwaka 2011 niliteleza kwenye ngazi za sokoni, mguu wa kushoto ukafungwa plasta wiki sita. Hospitali moja, siitaji, waliniambia nisikaze hata paja, nitulie. Mimi, niliyekuwa nikiwafokea wagonjwa kwa kutulia! Nikatii, maumivu humfanya mtu mtiifu. Siku ya kukata plasta nilimwazima fundi cherehani futi yake. Shavu la mguu wa kulia sentimita 36, la kushoto 31 na nusu. Nililia pale kwenye benchi la fundi. Wiki sita, na msuli wa kutembelea nusu karne ulikuwa umekwenda kama chumvi kwenye maji.

Lee, yuleyule wa Baltimore, pamoja na mkewe Emily Germain-Lee, Desemba 2019 walipeleka panya 40 kwenye kituo cha anga za juu, kule ambako mwili hauna uzito na msuli hauna kazi. Panya wa kawaida walipoteza karibu sehemu moja ya tano ya baadhi ya misuli kwa mwezi mmoja. Wasio na miostatini walibaki nayo. Nilisoma habari ile nikaiwaza plasta yangu. Kitanda cha hospitali kwa mzee ni kama anga za juu.

Sasa habari ya upande wa pili, ya zamani zaidi na haikuhitaji roketi. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake kule Boston waliwachukua wazee kumi wa makazi ya wazee, wenye umri kati ya miaka 86 na 96, wakawapa vyuma vya miguu. Vizito, si vya kuchezea. Wiki nane. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliweka fimbo zao chini. Huyo wenu ana miaka 79, kwa hesabu za Boston ni kijana.

Fanyeni hivi, daktari wake akisharidhia. Tafuteni kiti cha mbao chenye mikono, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Wekeni mito mpaka kikalio kifike juu ya magoti yake. Asogee mbele ya kiti, miguu irudi nyuma chini ya magoti, pua ipite juu ya vidole, kisha ainuke. Kaka mmoja asimame mbele, ashike tu mkanda, asimvute mikono. Ainuke mara tatu, apumzike, tatu tena. Asubuhi na alasiri. Akiweza mara kumi bila kuhema, toeni mto mmoja. Utaona mito ikiondoka mmojammoja, na siku mto wa mwisho ukitoka, choo kinamrudia. Kabla ya hapo fundi amfungie bomba la chuma ukutani chooni, kimo cha kiuno, na awekewe stuli ya choo.

Chakula. Nawajua Wapemba mnavyomheshimu mgonjwa: uji asubuhi, uji jioni, supu katikati. Supu isiyo na nyama ni maji ya moto yenye harufu ya nyama. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 70 za protini kwa siku, kama figo zake ni nzima. Yai moja lina kama gramu sita, kipande cha samaki cha gramu mia kina ishirini na kidogo. Uji utiwe maziwa. Samaki achambuliwe miba, pweza apigwe hadi alainike, na kila mlo uwe na chochote cha namna hiyo, usirundikwe wote usiku.

Wanaosema apumzike wanampenda, sina ugomvi nao. Ila mjukuu asimletee tena birika la udhu mpaka mkekani. Liwekwe hatua sita mbele, na mtu atembee naye.

Wewe wa Muscat kazi yako ni simu. Jioni ukimpigia usianze na "umekula?", mwulize ameinuka mara ngapi, na mito imebaki mingapi. Hesabu hiyo niletee mwezi ujao.